Wavuvi Walivyochumbia kwa Ajili Yangu, Tena kwa Kilatini

Musicheke mapema. Najua mutacheka, lakini mungoje nimalize, juu ya hii habari hata muke wangu (si yule nitakayemutaja, mutaona wenyewe) hajaisikia yote, na kama leo naitoa ni kwa sababu juzi mumoja wenu aliniita "Prof" sokoni na mimi nikageuka mbio kama mutu aliyeguswa mufuko. Bon. Ndiyo, niliaibika Nchelenge, muchana kweupe, mbele ya padri, mbele ya mama wa musichana, na mbele ya mbuzi. Na yote yalianzia kwa kitenzi kimoja cha Kilatini.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, kule kwetu Kongo mambo yameharibika, mimi nikavuka ziwa na mufuko mumoja na diplome yangu ya Latin-Philo imefungwa ndani ya nailoni isiloane. Nilikuwa nimefundisha Kilatini cha mwanzo mwaka mumoja tu (wanafunzi walikuwa wanalala, na mimi siku zingine nilikuwa ninawafuata), na nilidhani diplome itanifungulia milango. Nchelenge, upande wa Zambia, hakuna mulango unaofunguliwa na Kilatini. Kuna ziwa, kuna samaki, na kuna wavu unaotaka mikono. Njo nikaenda kuomba kazi kwa Ba Mutale, muzee mwenye wavu mukubwa wa kukokota, nikawa navuta kamba na watu wengine kumi na kitu, viganja vinatoka malengelenge, na wao wananiita Prof kwa kunichokoza.

Sasa Ba Mutale alikuwa na watoto wawili wanaohusu hii habari. Wa kwanza ni Monika. Wa pili ni Kabwe, mudogo wake, kijana mwenye nguvu za ng'ombe na moyo muzuri sana, lakini kichwa chake, Mungu anisamehe, kilikuwa kinavuja. Baba yake alitaka awe padri. Alikuwa amesikia kwamba kule seminari mutu asiyejua mwanzo wa Kilatini anateseka, na siku alipojua mimi nimekisoma, aliniita pembeni akaniambia nikimufundisha mutoto wake nitakula samaki kwake mupaka nichoke. Mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine kabisa. Nilikuwa nafikiria Monika.

Nisiwafiche, nilikuwa nimekwisha. Yule musichana alikuwa anakuja na beseni pale muchangani kungoja samaki, na akicheka nilikuwa nasahau kuvuta, mupaka kamba inanikwaruza. Mais kule, na kwetu ng'ambo vilevile, juu ya sisi ni watu wamoja tuliokatwa na maji, mwanaume haendi tu kusema. Unatafuta shibukombe, mutu muzima mwenye heshima, anabeba sahani yenye kafranga kadogo, pesa ya heshima tu, imefunikwa kitambaa, anapiga magoti kwa wazazi na kukusemea. Mupaka ile sahani ifike, jina la musichana halitoki kinywani mwako hata nyumba ikiungua. Likitoka, umetukana wazazi wake, na sahani inarudi vile ilivyokuja. Mimi nilikuwa nimeshapata shibukombe wangu, Ba Chola, muuza mafuta ya taa, muzee wa maneno matamu, lakini alisema angoje suti yake itoke kwa fundi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kufunga mudomo.

Nikaanza na Kabwe. Nikamuelezea vizuri: sisi kwa Kiswahili tunaweka mutu mbele ya kitenzi, ni-napenda, u-napenda, a-napenda. Waroma wao wanaweka mutu nyuma. Amo, napenda. Amas, unapenda. Amat, anapenda. Ukitaka kujua nani anapenda, angalia mukia. Kisha amamus, tunapenda, amatis, munapenda, amant, wanapenda. Basi, sita tu, ukijua hiyo sita umejua familia nzima ya kwanza ya vitenzi, kubeba, kusifu, kutembea, vyote vinaimba wimbo mumoja. Kabwe akaitikia kwa kichwa. Nikamuambia arudie. Akasema, "Amo," akatazama ziwa, na ile ndiyo ilikuwa mwisho wa somo.

Wiki mbili vile. Mimi nikaona samaki ya Ba Mutale inaniponyoka, na ukwe nao unaponyoka. Ndiyo nikafanya ule uamuzi wangu mudogo (musiniulize nani alinituma). Asubuhi moja tunavuta wavu, mimi nikatupa juu, "Amo!", na wavutaji, watu wa kuitikia hata kikohozi, wakarudisha, "Amo!", na kamba ikaja. "Amas!" Kamba ikaja. Mupaka wavu unafika muchangani, Kabwe alikuwa amezisema zote sita mara nyingi kushinda mimi mwaka muzima wa shule. Nilitaka kulia kwa furaha. Ba Mutale aliona kamba inakwenda haraka kushinda siku zote, akafurahi, na mimi nikajiona mwalimu mukubwa.

Kumbe sikujua desturi ya wimbo wa wavu. Yule aliyekuwa anatuongoza, Ba Kaluba, muzee mwembamba mwenye mudomo usiopumzika, alinijia siku ya pili akasema wimbo wa wavu hauendi mutupu. Lazima uwe na jina la mutu, watu wacheke, wasahau uzito. "Sasa huyu wako anapenda," akaniuliza mbele ya wote, "anapenda nani?"

Ningesema Maria. Ningesema Kaisari. Lakini wavu ule ulikuwa muzito, jua lilikuwa zuri, Monika alikuwa amesimama pale na beseni lake kichwani, na mimi nikafikiri kitu ambacho mupaka leo nikikikumbuka najipiga kofi. Nilifikiri: kwa Kilatini, yule anayependwa anapewa mukia wake naye. Monika anakuwa Monicam. Nikafikiri ile herufi moja ya nyuma itamuficha. Nikaimba, "Monicam amo!"

Hakuna herufi inayoweza kumuficha mutu Nchelenge. Wavutaji walicheka mupaka kamba ikarudi majini. Kuanzia siku ile sikuwa na dawa tena. Wanawake wanaoanika samaki wanaimba Monicam amo, wenye mitumbwi ya kwenda Chisenga wanapiga makasia na Monicam amo, watoto wanaotumwa chumvi, vilevile. Nilijaribu kuwabadilishia wimbo, nikawafundisha wakati uliopita, amabam, nilikuwa ninapenda, nikidhani watalisahau lile jina. Wakalichukua na kulibeba mupaka wakati uliopita. Nikawafundisha wakati ujao, amabo, nitapenda. Nao wakalibeba kule. Ba Kaluba akaniuliza mwalimu ni nini kwa Kilatini, nikamujibu magister bila kufikiri, na kesho yake nalo lilikuwa ndani ya wimbo. Na kusimamisha sikuweza, juu ya Kabwe alikuwa anajifunza kweli, yule kijana alikuwa anajua nyakati tatu bila kukosea.

Mutauliza, na baba yake? Ba Mutale alifikiri ni sala. Watu wangu, yule muzee alifikiri tunamuimbia Mutakatifu Monika. Kila tukifika pale kwa Monicam alikuwa anavua kofia, anasimama na upara wake juani mupaka tumalize, na alikuwa anawaambia wafanyabiashara wa samaki kwamba tangu Prof aje hata wavuvi wake wamekuwa watu wa dini. Wote walijua isipokuwa yeye, na hakuna aliyemuambia, kwa kuwa ilikuwa tamu sana.

Siku ikafika. Jumamosi, padri kutoka seminari akaja kumupima Kabwe nyumbani kwa Ba Mutale, hatua chache tu kutoka majini. Mimi nikaitwa kama mwalimu. Sikutaka kwenda, juu ya mama Monika yuko pale na mimi ninayemutaka binti yake sipaswi hata kumutazama usoni, lakini ningekataa kwa sababu gani? Nikakaa kwenye kigoda, shingo nimeigeuza upande mupaka inauma. Ba Chola alikuwa aje kesho yake. Nilikuwa salama kwa siku moja nzima, ndivyo nilivyojidanganya.

Padri, muzee mupole mwenye miwani, akamuomba Kabwe aseme kitenzi cha kupenda, wakati uliopo. Kabwe akafungua mudomo. Akaufunga. Jasho likaanza kumutoka puani. Pale ndipo nilipotambua: huyu mutoto hajawahi kukisema hata mara moja bila kamba mikononi. Nikamufanyia ishara kidogo, hivi, ya kuvuta. Akaelewa haraka (siku ile tu, kati ya siku zote). Akasimama, akatafuta kamba, akaona ile ya mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo, akaishika kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele, "Amo!"

Mbuzi alilia. Na kule chini, wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakasikia, na wewe unajua mutu akitupa wimbo lazima uitikie, wakarudisha kwa sauti moja, "Amo!" Wakaenda vile mupaka amant, kijana bila kosa, mbuzi anakuja na kurudi, padri amefurahi anapiga makofi. Kama dunia ingesimama pale, mimi leo ningekuwa mukwe wa Ba Mutale.

Lakini wimbo wa wavu haukatwi katikati. Ba Kaluba akaingia na sehemu yake. Mwalimu anamupenda Monika. Mwalimu alikuwa anamupenda Monika. Mwalimu atamupenda Monika. Yote kwa Kilatini safi, mikia yote mahali pake, nilikuwa nimewafundisha vizuri, nilaaniwe. Ba Mutale akavua kofia. Akatuambia wote tusimame kwa heshima. Mama Monika akasimama, na mimi nikasimama. Padri alikuwa ameinama ameshika miwani, mabega yanatikisika. Na pale pale, nani anaingia uwanjani na suti mupya ya kahawia na sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe? Ba Chola. Alikuwa amesikia kuna padri, akajua kuna kuku, akaona kwa nini angoje kesho.

Akapiga magoti. Akapiga makofi taratibu ya heshima. Ba Mutale akamufanyia ishara angoje kwanza, tuko kwa sala.

"Muzee," padri akasema, anajifuta machozi, "hii si sala. Wanasema mwalimu anamupenda binti yako."

 Kule chini wimbo ukaisha. Ba Mutale alitazama mbele, nadhani alikuwa anahesabu mara zote alizosimama juani bila kofia kwa ajili ya uchumba wangu. Kisha akaivaa, polepole, akaivuta mupaka kwenye masikio. Ba Chola bado yuko chini na sahani yake, ananitazama kwa hasira, akaniuliza basi yeye amekuja kusema nini kilichobaki, kama wavuvi wamekwisha kusema. Akainuka, akapangusa magoti ya suti, na sahani yake akaichukua. Nilijua imekwisha. Nilitamani ziwa lije mupaka pale linimeze.

Njo Monika akatoka jikoni. Mikono imejaa unga. Hakuniangalia mimi, alimuangalia baba yake, akaomba ruhusa ya kusema neno moja, na baba yake, sijui kwa kuchoka, akamupa.

"Mwezi muzima," akasema, "jina langu linaimbwa kila mahali. Wavuvi wamesema, wanawake wamesema, leo hata padri amesema. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza." Akanigeukia. "Prof, uniulize."

Mbele ya mama yake. Mbele ya padri. Mimi mwenye nyakati tatu na watu sita, Kilatini chote kikanikimbia. Nikamuuliza. Kwa Kiswahili, kwa sauti ya mutu mwenye malaria, nikamuuliza kama atakubali kuwa muke wangu.

"Hapana," akasema. Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliuma. "Lakini kama ungeniuliza mwanzo, pale muchangani, tukiwa wawili, ningefikiri."

Akarudi jikoni kumaliza ugali.

Padri alimuchukua Kabwe, na mimi nililipa fidia ya kumutukana Ba Mutale, nikavuta wavu wake musimu muzima bure, na Ba Kaluba jioni ile ile alikuwa ameshaongeza wimbo: non amat, hapendi. Hilo sikumufundisha mimi, alienda kumuuliza padri. Leo bado nafundisha, na wanaoanza nawaanzishia kitenzi cha kubeba, porto, portas, portat, na kamba hazikaribii darasa langu. Na wewe kijana unayecheka pale nyuma, kama kuna musichana moyoni mwako, shibukombe utamutafuta baadaye, atakuja tu, lakini nenda kwanza ukamuulize mwenyewe, leo, kabla hawajaanza kuimba.