Mawe Niliyoyasugua Kule Mui

Mutua, msimamizi wetu kule Mui, ndiye aliyeniingiza kwenye shimo la makaa ya mawe lisilo na nguzo. Lilipoporomoka na kunivunja mguu, akanipa kazi ya kutunza mawe yaliyotoka humo.

"Mtaalamu wa mimea ya kale anakuja saa nane. Ayapate safi, ama urudi kwenu."

Sikuuliza. Mimi niliyeishia darasa la pili nikayasugua kwa mchanga na majivu, kama sufuria yenye masizi, hadi weusi wote ukatoka, kisha nikasimama mbele kungoja sifa.

Mgeni aligeuza jiwe la kwanza, la pili, la kumi.

"Mzee, majani yako wapi?"

"Majani gani?"

"Ule weusi ndio ulikuwa majani."

Mutua akatazama viatu vyake. Mgeni akashika mikono yangu, akaanza kutafuta weusi uliobaki chini ya kucha.