Mchezo wa Wawili Ulinifanya Nimwaibishe Mke Wangu

Mwenye kosa ni mimi. Naliweka hilo mbele kabisa, maana nikianza na habari za mchezo mtadhani natania, na nikianza na habari za mama yangu mtamlaumu yeye. Mama hakwenda kutafuta maneno. Mimi ndiye niliyempelekea.

Naendesha lori kwenye mgodi wa Mashamba, hapa Kolwezi, Kongo. Kazi yetu ni ya zamu: unakaa kambini, kisha unarudi nyumbani kupumzika. Ukirudi mwili umechoka, masikio bado yananguruma, na mke anataka mzungumze. Mimi sikuwa na maneno. Ndipo nikanunua mashine ya michezo ya televisheni, kuukuu lakini nzima, nikamwambia mke wangu tutakuwa tunacheza pamoja.

Mchezo alichagua yeye. Haukuwa wa bunduki wala wa mpira. Ulikuwa mchezo wa kupoza moyo, wa mtu na mkewe: mnalima shamba, mnajenga nyumba, mnafuga bata. Kila mmoja ana manette yake, kile kidude cha kuchezea, mkononi, na kila manette inamwongoza mtu mmoja kwenye skrini. Hakuna kushindana. Bila manette mbili kuwashwa, mchezo haufunguki kabisa.

Jamani, tulicheka! Mke wangu, nitamwita Mama Dorcas ingawa mtoto wetu haitwi hivyo, alikuwa anawasemesha wale bata kama wa kwake. Huku tunapalilia mahindi ya uongo, alikuwa ananisimulia mambo ambayo mezani asingeyasema. Sijawahi kumjua mke wangu kama nilivyomjua miezi ile.

Kisha tukafika mahali pa kujenga daraja. Ilibidi tubebe magogo, mmoja huku, mwingine kule, tuvuke mto kwa hatua sawa. Mmoja akiwahi, gogo linaanguka majini. Mimi ndiye niliyekuwa nawahi, lakini lawama nilikuwa namtupia yeye. Siku moja nikaibwaga manette kwenye kiti nikaenda zangu kunywa bia. Mapumziko yaliyofuata, vilevile. Mchezo wa kupoza moyo nikaugeuza wa ugomvi.

Safari nyingine niliporudi kutoka kambini, Mama Dorcas alikuwa sokoni. Nikawasha mashine. Daraja limekamilika! Mtu wangu, yule mwenye kofia, amesimama ng'ambo ya mto, kando ya mtu wake.

Damu ikanipanda. Daraja la watu wawili, na mimi nilikuwa kambini. Nani ameshika manette yangu? Nani amekaa kwenye kiti changu, karibu na mke wangu, akicheka naye?

Alipoingia na kikapu chake sikumsalimia. Nikamwuliza. Akajibu bila wasiwasi wowote kwamba alicheza peke yake, manette moja mkono huu, nyingine mkono huu. Nikacheka kwa dharau. Akaweka kikapu chini, akaketi mkekani mbele ya televisheni.

"Kuya nikuonyeshe, Baba Dorcas," akasema. "Iko nguvu, ni kazi ngumu, lakini inawezekana."

Nikakataa kutazama. Ndugu zangu, kosa langu liko hapo, msilitafute kwingine. Ingenigharimu nini kukaa dakika chache? Nikaona mwanamume mzima hawezi kukalishwa aonyeshwe mchezo na mwanamke anayemdanganya. Nikatoka kwenda kwa mama.

Kwa wasiotujua, sisi ni watu wa Kasai. Babu zetu waliletwa huku kwa kazi ya shaba, nasi tumezaliwa hapa, lakini mwiko wa tshibawu tulikuja nao. Mke akiwa na mwanamume mwingine, lazima aungame mbele ya ukoo wa mumewe, kisha atakaswe. Akificha, mwiko unaua, na watu huamini kwamba unaweza kuanza na mtoto. Jumapili tunaimba kanisani, ndiyo, lakini tshibawu haichezewi.

Mama alinisikiliza, akauliza kama nimemwona huyo mwanamume. Nikasema sijamwona, ila nina hakika. Mwongo mimi! Hakika hiyo niliipata wapi?

Wiki hiyohiyo mtoto akashikwa na homa. Ilikuwa malaria, kama watoto wengi wa mtaa wetu wakati wa mvua, na dawa tulipata kwenye zahanati. Lakini mama alikuwa ameshafika na shangazi zangu, wamekaa uani, wanamtazama mke wangu bila kumsemesha. Mama yake mzazi akaitwa kutoka kwao, mtaa wa Kapata. Nilimsikia akimbembeleza binti yake kwa sauti ya chini aseme chochote, ili mjukuu wake apone.

Akasema. Alikalishwa chini kwenye udongo, kitambaa cha kichwa kimevuliwa, majirani wamejipanga ukutani kutazama. Akaulizwa jina la mwanamume. Akasema ni kijana anayeitwa Trésor, mchimbaji wa Mutoshi. Shangazi zangu wakapokea kuku, wakafanya ya kutakasa. Mke wangu hakulia. Alikuwa ananitazama mimi tu, nami nikaangalia pembeni.

Homa ikashuka kwa dawa. Mama akasema, mnaona? Na mtaa mzima ukaona.

Mnadhani nilitulia? Nilikwenda Mutoshi kumsaka huyo Trésor. Kina Trésor wamejaa kule, wengine wamepauka vumbi huwezi kujua umri wao. Hakuna aliyemjua mke wangu. Mmoja wao, mzee kuliko mimi, alinipa maji ya kunywa akaniambia nirudi nyumbani. Nikajifariji kwamba wanafichana.

Mama Dorcas akaenda kwao Kapata na mtoto, akisema anakwenda kusalimia. Hakurudi. Nyumba ikapoa. Alasiri moja nikawasha mashine ili nisikie tu muziki wa ule mchezo. Ikadai manette mbili. Nikaziwasha zote, nikashika moja kila mkono. Sikuwa na nia ya kuchunguza kitu. Nilitaka kuliona shamba letu, basi.

Mbele kidogo kulikuwa na daraja jingine. Nikajaribu. Gogo likaanguka. Nikajaribu tena, likaanguka tena. Vidole vikaniuma, nikawa nagombana na mikono yangu mwenyewe. Kabla jua halijazama, gogo lilikuwa ng'ambo ya mto.

Peke yangu! Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja kugonga mlango akidhani nimefiwa.

Sikukawia. Nikaenda Kapata na mjomba wangu, na mbuzi wa kuombea radhi. Baba mkwe alitupokea kwa heshima, akatutolea viti mbele ya nyumba yao, iliyojengwa na kampuni ya zamani ya mgodi. Nikaeleza yote. Mama Dorcas alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwuliza kwa nini alihangaika na lile daraja. Akasema aliona linanikasirisha, akataka nikirudi nimechoka nikute njia iko wazi, tuendelee na bata wetu.

Nikamwomba turudi nyumbani. Jibu lake naliandika kama alivyolisema:

"Baba Dorcas, mi niliungamaka kintu sikukifanyaka, mbele ya bantu bote ba kwenu, juu mutoto apone. Weye uko na kintu ulifanyaka kweli. Wende ukaungame nayo palepale, chini, mbele ya balebale bantu. Kisha mi nitarudia."

Baba mkwe akasema hiyo ni haki. Mjomba akainamisha kichwa. Nikasema sawa, nitafanya.

Sijafanya.

Mama anasema mwanamume hakai kwenye udongo mbele ya wanawake kwa ajili ya televisheni, tena ukoo utachekwa. Lakini nisimsingizie mama. Kila nikitoka kambini naapa kuwa ni safari hii, kisha nakutana na majirani wananisalimia kwa upole, wananihurumia, mume aliyekosewa. Na ile huruma ni tamu, nawaambia ukweli. Mwenzangu huko Kapata akipita sokoni wanawake wanagusana viwiko.

Enyi wanaume, mkeo akikwambia njoo nikuonyeshe, kaa utazame. Shuku yako usiipeleke kwa ukoo, maana ukishaipeleka si yako tena. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, kamwombe radhi mbele ya watu haohao. Msifanye kama mimi, ninayeungama kwenu msionijua, bila jina, huku mtaani kwetu kila mtu bado anaamini kwamba mwenye dhambi ni yeye.