Karatasi ya Saba Sikuisoma

Admin, nifichie jina, watoto wangu wanafuata hii page. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mjane, nalima mahindi huku Moiben. Wakati wa chama kimoja nilikuwa mmoja wa watu wawili walioandika programu za kompyuta katika kiwanda fulani cha nguo Eldoret. Mwenzangu nitamwita Njoroge.

Njoroge ndiye aliandika programu iliyounganisha kompyuta na mashine za kusokota nyuzi. Ikapatikana na kasoro. Ndani yake kulikuwa na kitu tunaita pointa, yaani anwani ya mahali amri ya mashine imewekwa. Mashine ikizimwa, lazima hiyo anwani ifutwe, la sivyo kompyuta inaweza kurudi pale pale na kukuta amri nyingine, mashine iwake tena. Njoroge akarekebisha, akaniletea karatasi saba nikague, kwa sababu hakuna kitu kiliingia kwa mashine bila sahihi mbili.

Akaniambia, "Hiyo ya mwisho uiangalie pole pole. Mtu akizima ghafla, sina hakika kama pointa inafutika."

Ilikuwa Ijumaa na nilikuwa na haraka, dadangu alikuwa anaposwa Kaptagat. Nikasoma karatasi sita. Ya saba niliipitisha macho tu, nikaweka sahihi.

Jumanne asubuhi mfanyakazi mmoja, nitamwita Mama Chebet, alizima mashine ghafla nyuzi zilipojifunga, akaingiza mkono kuzitoa. Mashine ikawaka yenyewe. Nilimkuta ameketi sakafuni, mkono umefungwa na leso, halii. Aliniuliza tu nani atamwambia bwanake. Vidole vinne vilikuwa vimeenda.

Nyinyi vijana hamjui miaka hiyo. Ajali kama hiyo ilikuwa inaweza kuitwa hujuma. Wanaume wawili wa suti, watu wa usalama wa serikali, walikuja ofisini wakaniuliza kama Njoroge alijua kuna shida. Nilijua nikisema alinionya, watanigeukia mimi.

Nikajibu, "Aliniambia iko sawa kabisa."

Wakamchukua nikiona. Alirudi baada ya wiki nyingi akichechemea, kazi hana, akahamisha familia yake. Mimi nikapewa cheo chake. Hatukuongea tena.

Njoroge alifariki wiki iliyopita. Juzi bibi yake alinipigia simu, sijui namba alitoa wapi. Kwa upole sana akasema marehemu alikuwa akiwaambia watoto kuna dada mmoja kazini alimtetea, na wangependa huyo dada aseme machache mazishini Jumamosi. Nikakubali kabla sijafikiria.

Tangu hapo sijatulia. Sijui kama alidanganywa na mtu kwamba nilimtetea, ama alijua kila kitu akaamua kunisitiri. Kanisani nikifunga macho kuomba, namwona anatolewa kwa ule mlango wa ofisi bila kunitazama. Watoto wake wamekua wakidhani kosa lilikuwa la baba yao peke yake. Nikisema ukweli, nitamwongezea mjane uchungu kaburini. Nikinyamaza, nitakuwa nimemuuza mara ya pili.

Ndugu zangu, hiyo Jumamosi nikipewa maikrofoni, niseme nini?