Waulizeni na Wazima

Wageni waliokuja nyumbani kwa mwalimu kumpongeza binti yake kwa kuhitimu walianza kuharisha kesho yake, na mwalimu akaona jina la nyumba ya marehemu mumewe liko hatarini. Nusu ya madaktari wa mji walijifunza kwa mwalimu huyu usafi na uchunguzi wa magonjwa ya mlipuko. Leo ugonjwa utokee mezani kwake? Hata kidogo! Alimshuku wifi yake, aliyeleta saladi na kuizungumzia kana kwamba ni sherehe yake.

Darasani akawatuma wanafunzi wawapigie simu wagonjwa na kuwauliza kama walikula saladi.

"Na wasiougua je, mwalimu?" akauliza msichana wa mstari wa mbele.

"Wazima wana lipi la kusema?"

Wanafunzi wakatazamana. "Mbona sisi huwa unatukata maksi tusipowauliza?"

"Haya, waulizeni," mwalimu akakubali.

Jioni walirudi wamenywea. Saladi ililiwa na karibu wote, wagonjwa kwa wazima. Walioharisha ni waliokunywa sharubati yenye barafu. Maji ya kunywa mwalimu aliyachemsha, lakini ya barafu aliyakinga bombani mwenyewe, kwa pupa ya kuwahi wageni.

Akampigia wifi yake simu papo hapo.

"Wifi, kosa ni langu. Ni barafu."

"Makubwa!" wifi akaangua kicheko. "Nami tangu asubuhi nawaambia watu ni saladi yangu, ili nyumba ya kaka isichekwe!"