Nilipougua Ndani ya Karavani ya Salim

Bismillahi. Wenzangu mmeniomba niseme yaliyonipata wakati wa korona. Nitayasema kama yalivyokuwa, na machozi yakija mtanivumilia. Naitwa Zuwena, nakaa Mabela, hapa Maskati.

Kabla ya maradhi nilikuwa mwanamke mwenye afya na mdomo. Nilifanya kazi katika duka la dawa, Sib. Mume wangu, Salim, alikuwa mtu wa kambi. Baridi ikiingia tu, Alhamisi jioni anafunga karavani nyuma ya gari, ile nyumba ya magurudumu yenye kitanda, jiko na choo kidogo kama kabati, tunakwenda zetu jangwani. Mungu hakutujaalia watoto. Majirani walinitania kwamba karavani ndiyo mke mwenzangu, nami niliwajibu kwamba mke mwenza huyu angalau hana ulimi.

Korona ilipoingia, watu waliambiwa wakae majumbani. Lakini duka la dawa halifungwi, na nyumbani kwetu alikuwemo mama mkwe wangu, Bi Shekha, mzee mwenye sukari na moyo mchovu. Nikasema sitamletea maradhi mama wa watu. Salim akaisogeza karavani ukutani, kando ya geti, akapitisha waya wa umeme kutoka dirisha la jikoni, nikahamia humo peke yangu. Jua la Maskati mnalijua. Kiyoyozi kikizimika, mle ndani mlikuwa tanuri.

Jioni nikirudi kazini, Salim huniwekea chakula kwenye ngazi, kisha hukaa mbali kidogo kwenye kiti cha plastiki, tukazungumza mlango ukiwa wazi.

“Bibie, umekuwa mwali,” aliniambia. “Unatunzwa ndani.”

“Mwali gani ananuka dawa?”

Alicheka mpaka Bi Shekha akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Ugonjwa ulinianza mgongoni. Kisha homa, kisha chakula kikapoteza ladha na harufu, nikawa kama natafuna karatasi. Nikaharisha hadi miguu ikakataa kunibeba. Nikivuta pumzi, haifiki popote. Asubuhi moja Salim aligonga, nikashindwa kuitika. Nilikuwa chini, baina ya kitanda na choo, nimejichafua. Nikasikia mlango unafunguliwa.

“Usiingie,” nilimwambia.

“Nyamaza, Zuwena.”

Akaingia. Akanisafisha, akanibadilisha nguo, akanipakata hadi gari la wagonjwa lilipofika. Barakoa yake ilikuwa imeteremka kidevuni. Sikumwona tena.

Hospitali walinivisha kinyago cha oksijeni na kunilaza kifudifudi. Mashavu yalifanya vidonda. Nilivishwa nepi kama mtoto mchanga, na sioni haya kuyasema, kwa sababu huenda kuna mtu hapa amevishwa na anadhani ni yeye tu. Daktari wangu, bibi mmoja mpole, aliniinamia sikioni: “Usipigane na mashine. Vuta taratibu.” Nikavuta taratibu. Kila nilipopata sauti nilimuulizia Salim, na wauguzi waliniambia nipumzike kwanza.

Nilipotolewa alikuja kunichukua wifi yangu, Rahma, dada yake Salim.

“Salim yuko wapi?”

“Naye kapata, wifi. Kalazwa hospitali nyengine. Anaendelea vizuri, inshaallah.”

“Nipe simu nimpigie.”

“Simu yako imeharibika. Na daktari kasema usiseme sana, kifua kitachoka.”

Nikarudi karavani, maana nilitakiwa bado nijitenge. Hapo yakaanza mambo. Rahma aliniletea nguo zangu za zamani, zile zisizo na pambo lolote. Bangili nilizovuliwa hospitali hazikurudi mkononi. Siku moja nilijitazama kiooni nikaogopa, nywele zinatoka mafungu mafungu, nikaomba japo wanja nifanane na watu. Akasema wanja si mzuri kwa mgonjwa. Alasiri nyengine pua ilinifunguka ghafla, nikasikia harufu ya kitunguu kinakaangwa jikoni. Nilipiga kelele kwa furaha! Nikamwomba aniletee chetezo na udi nijifukize kidogo tu. Alisimama nje ya mlango akitazama chini.

“Moshi utakudhuru, wifi.”

“Basi nipe marashi. Marashi hayana moshi.”

Akaokota vyombo vyangu kwenye ngazi, akaenda zake.

Mimi nimeuza dawa miaka mingi. Sijapata kusikia wanja unaumiza mapafu. Na mwanamke yeyote wa kwetu anajua ni nani anayekatazwa wanja, dhahabu na manukato kwa pamoja. Nilijua, na sikutaka kujua. Niliswali nikikaa kitako, nikimwomba Mungu yawe kweli ni maagizo ya daktari.

Kwetu mgonjwa haambiwi msiba, watu huogopa habari itammaliza. Lakini eda ya mjane, ile miezi minne na siku kumi ya kukaa bila pambo wala manukato, haimngoji apone. Inaanza siku aliyofariki mume, ajue asijue. Basi watu wangu walinificha kifo, na papo hapo wakanilinda nisiivunje eda.

Mwishowe alikuja Bi Shekha mwenyewe. Mzee niliyehama nyumba kwa ajili yake alipanda zile ngazi akijishikilia, akaketi kitandani, akanishika mkono.

“Mama, utaambukizwa.”

“Khalas, mwanangu, ushapona.” Akanivuta karibu. “Salim katutoka. Tangu ulipokuwa hospitali. Wamemzika makaburini Amerat, watu wachache tu. Hata mimi sikumuona.”

Nilimuuliza kama ni mimi niliyemuua.

“Siku yake ilifika. Na lau angekuacha chini pale, mimi mamake nisingemsamehe.”

Leo napumua, alhamdulillahi, ingawa nikipanda ngazi bado natweta. Nawashukuru walionitibu. Namshukuru Rahma, aliyenidanganya huku roho inamuuma. Nawaombeni, kifua kikianza kubana msisubiri nyumbani mkinywa tangawizi, nendeni mapema. Na mgonjwa wenu akifiwa, mficheni mpaka apate pumzi ya kulilia. Akishaipata, mwambieni siku hiyo hiyo. Mimi nilipoanza kumlia mume wangu, simu za rambirambi zilikuwa zimeshakatika na kila mtu amesharudi kwenye shughuli zake. Ni upweke mbaya, sikutakieni.

Wa kushukuriwa zaidi ni Bi Shekha. Yeye alikuwa ameshamlia mwanawe, peke yake chumbani, akijiziba mdomo kwa kanga ili sauti isifike kwangu karavani. Siku ile alikilegeza kilemba chake, akanilaza kifuani, akaanza upya kulia kwa sauti kana kwamba naye ndiyo kwanza anaambiwa, ili nisilie peke yangu.