Bi Mize Hali Siniani

Nilikwenda Kizimbani kutafuta sifa, nakiri. Kazi yangu ni kuwafunza waliopigwa na kiharusi kuvaa, kuoga na kula upya, na chuoni nawafundisha wanafunzi kazi hiyohiyo. Kila mwaka huwaonesha video ya Bi Mize, mchumaji karafuu aliyepooza mkono wa kulia, akila wali kwa kijiko mkono wa kushoto. Darasa hupiga makofi. Safari hii nilitaka aje mwenyewe.

Saa sita mchana nilitoka Mji Mkongwe. Sokoni Mlandege nikamnunulia kijiko chenye mpini mnene, nikapanda bodaboda. Mvua ya rasharasha njia nzima, na mimi natunga hotuba.

Kizimbani nilifika nimerowa.

"Hodi!"

"Karibu!" aliitika mkwewe. "Mama yumo chumbani, anakula."

Ukumbini watu wamelizunguka sinia la wali. Bi Mize nilimkuta peke yake, mlango umerudishwa, sahani pajani. Amekonda!

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu." Akakificha kijiko ndani ya kanga.

"Mbona huli na wenzio?"

"Nitie siniani mkono wa kujitawazia chooni? Mbele ya wajukuu niliowapiga vibao wasile kwa kushoto?"

"Lakini wewe una udhuru."

"Najua. Wananiita kila siku. Ni haya zangu mwenyewe. Tangu nlipotoka hospitali sijala na mtu."

Miaka minne! Na mimi mtoto wa Unguja, niliyepigwa vibao vilevile, nilikuwa sijui? Nilijua. Ila fomu ya hospitali ilitaka mgonjwa ale mwenyewe. Alikula, nikatia alama ya vema, nikamruhusu.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ile video ulonipiga nnakula, hakuna anoiona, eti?"

Nikainamisha kichwa. Bi Mize akageukia ukutani.

"Ulijia nini, mwanangu?"

"Kukuamkia tu."

Alasiri nilirudi mjini na kijiko changu mkobani. Nilikuwa naona aibu hata kukitazama. Video niliifuta kabla ya kuvua viatu.

Jumatatu wanafunzi waliiulizia. Nikawaambia nilikosea, na nikaandika ubaoni swali ambalo Bi Mize sikumuuliza hata siku moja: Kwenu unakula na nani?