Urukususu Niliompa Mama Mkwe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kila nikishika mzizi wa dawa. Nilikuwa na ndoa changa hapo Magamba, nikijifunza miti-dawa kwa Bibi Kalunde, mzee wa Kikonongo aliyeheshimika mpaka Mpanda mjini.

Mama mkwe wangu alishikwa na kikohozi kikavu. Nikamchemshia urukususu, ule mzizi mtamu unaouzwa sokoni ukiwa mkavu. Siku chache tu, koo likatulia, naye akanisifu kwa majirani. Basi, buyu la asali halichovywi mara moja. Nikaendelea kumpa kikombe asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, ingawa kikohozi kilishakwisha. Nilikuwa nalisha sifa zangu, simtibu mtu.

Miguu ikaanza kuvimba, kichwa kikawa kinamuuma. Asubuhi moja alikuwa akisonga ugali, mwiko ukamponyoka; mikono haikuwa na nguvu. Nikakimbilia kwa Bibi Kalunde kuomba dawa ya kumrudishia nguvu.

Hakunipa. Aliniuliza mkwe wangu anameza vidonge gani vya hospitali. Nikasema vya presha. Akauliza kama nilijua hilo tangu mwanzo. Nilijua, mwanangu. Sikuona kama linahusika.

"Mzizi huu hupandisha presha," akasema. "Utamu wake usikudanganye."

Akafunga kipande cha mzizi kwenye pindo la kanga, tukampeleka mgonjwa hospitali. Mbele ya daktari akakifungua bila haya, akasema, "Tumempa hiki, kwa zaidi ya mwezi." Alisema tumempa, na aliyempa ni mimi.

Presha ilikuwa juu sana, na madini fulani ya damu yamepungua, ndiyo maana misuli ililegea. Mzizi ukasimamishwa. Akalazwa siku kadhaa, akapona polepole.

Nilipompigia magoti, mama mkwe alinishika bega. "Ulinipa kwa upendo. Siku nyingine upendo wako uulize kwanza."

Wale mama wawili nawashukuru mpaka leo. Wangeweza kuniaibisha, wakanifundisha.

Basi wewe na wenzako mnaojifunza sasa, shikeni hili. Urukususu hutuliza koo, lakini ni wa siku chache. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, au mjamzito, msimpe. Anayemeza dawa yoyote amuulize daktari kwanza. Mwili ukivimba au kulegea, acheni, mwende hospitali mkaseme yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dawa vilevile.

Mungu awape mikono ya kuponya, na wazee wa kuwakemea mapema.